Majina ya Rais kugomewa Seneti kule Marekani: hivi na sisi mawaziri wangekuwa wanapitishwa na Bunge ingesaidia?

Mwana wa Ipuli

Wakuu habari za mda huu. Nina swali, naomba wanijibu watu wanaofuatilia haya mambo na tusiingize matusi ya vyama. Hapa kijiweni kwetu Ipuli, Tabora, kuna ubishi wiki nzima haujaisha. Mmoja anasema Rais wa Marekani ni kama wetu tu, akitaja jina limepita. Mwingine anasema hapana, kule kila jina linapelekwa Seneti na linaweza kukwama, akatoa mfano wa Pete Hegseth, mteule wa Uwaziri wa Ulinzi, kwamba Januari 2025 kura zilikuwa 50 kwa 50 mpaka Makamu wa Rais JD Vance akaitwa kupiga kura ya kuamua.

Sasa mi nikabaki najiuliza, Republican, chama cha Rais Trump, ndo kilikuwa na maseneta wengi, 53 kati ya 100, inakuaje mtu wao aponee chupuchupu vile? Na kila nikifungulia redio usiku nasikia zogo lile lile, mara Democrat wamezuia majina, mara Republican wamebadilisha kanuni, mara jaji fulani kapita kwa tofauti ya kura mbili. Huku kwetu baraza likitangazwa, siku mbili tatu watu wanaapa Ikulu na kazi inaanza, hakuna anayewauliza chochote. Je utaratibu wao unawasaidia wananchi au ni vyama tu vinakomoana? Na kwetu ungefaa?

Stesheni TBR

Mkuu, huyo jamaa yako wa pili yuko sahihi. Katiba yao inasema Rais anapendekeza, Seneti inashauri na kuridhia, na siyo mawaziri peke yao, ni mabalozi, majaji wa shirikisho, wakuu wa idara na taasisi, ukijumlisha ni nafasi zaidi ya 1,200. Jina likifika linapelekwa kwenye kamati inayohusika, wa ulinzi anaenda kamati ya majeshi, jaji anaenda kamati ya sheria. Anakaa mezani peke yake mbele ya kamera, maseneta wamempanga mbele kwa nusu duara, kila mmoja ana dakika zake za kuuliza, na wanauliza kweli, ulisema nini mwaka fulani, kodi umelipa, hisa zako utaziuza lini. Jaji wa Mahakama ya Juu anakaa hapo siku kadhaa. Kamati ikimaliza jina linaenda ukumbini, wengi wape.

Zogo la sasa halikuwepo siku zote. Mwaka 1986 Antonin Scalia alipita kwa kura 98 kwa 0 kuingia Mahakama ya Juu, na kila mtu alikuwa anajua ni mhafidhina wa kutupwa. Ruth Bader Ginsburg naye ambaye msimamo wake ulikuwa kinyume kabisa na wa Scalia, 1993 alipata 96 kwa 3. Maseneta walikuwa wanaangalia je huyu anaiweza kazi, siyo je huyu ni wa kwetu. Katikati hapo kulikuwa na Robert Bork 1987, aliyependekezwa na Rais Reagan wa Republican, Democrat wakiwa wengi wakamwangusha 58 kwa 42, na Republican kile kidonda hakijawahi kuwapona.

Ila kilichoharibu kabisa, kwa maoni yangu, ni kuondolewa kwa kanuni ya kura 60. Seneti yao mjadala hauna mwisho mpaka wapige kura ya kuufunga, na kura hiyo ilikuwa inahitaji maseneta 60. Sasa ni nadra chama kimoja kufikisha 60, kwahiyo Rais alikuwa analazimika kuleta mtu ambaye hata upande wa pili wapo wanaomvumilia. Ikafika mahali upinzani ukawa unaitumia hiyo kanuni kukwamisha kila kitu. Novemba 2013 Harry Reid, kiongozi wa Democrat waliokuwa wengi Seneti, na wenzake wakachoka na majina ya Obama kukwama, wakabadilisha, ikawa kufunga mjadala wa mawaziri na majaji wa mahakama za chini inatosha wingi wa kawaida. Wakaiacha Mahakama ya Juu. Aprili 2017 Republican chini ya Mitch McConnell nao wakaiondoa kwa Mahakama ya Juu, Neil Gorsuch akapita 54 kwa 45. Tangu hapo mwenye wingi hana sababu ya kumbembeleza mtu.

Na hicho kiti cha Gorsuch ndo chenye stori nzito kuliko zote. Scalia alifariki Februari 2016, Obama akampendekeza Merrick Garland mwezi wa tatu, Republican walikuwa wameshika Seneti wakasema huu ni mwaka wa uchaguzi, wacha wananchi waamue kwanza. Hawakumwita hata kumhoji. Jina likakaa mpaka bunge lile likaisha muda wake Januari 2017, Trump akaingia akaweka wake. Haya, Septemba 2020 Ginsburg akafariki, uchaguzi umebaki wiki sita na siku chache, wale wale waliosema wananchi waamue kwanza wakampitisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba, siku nane kabla ya uchaguzi, 52 kwa 48, hakuna Democrat hata mmoja aliyempa kura. Juni 2022 Barrett na wenzake wakaifuta hukumu ya 1973 ya haki ya kutoa mimba, mimi siingii kwenye ubishi wa mimba hapa, ninachosema ni kwamba jaji kule anakaa maisha yake yote, wako tisa tu, kiti kimoja kinaweza kugeuza nchi kwa miaka thelathini. Ndo maana wanapigania kufa na kupona.

Kwa Hegseth jibu ni jepesi, Republican watatu walimkataa mtu wa chama chao: Susan Collins, Lisa Murkowski na McConnell mwenyewe. 53 toa 3 ni 50. Lakini wiki ile ile Marco Rubio wa Mambo ya Nje alipita 99 kwa 0. Kwahiyo wakitaka wanaweza kukubaliana.

Kanyenye Halisi

Kaka umeeleza vizuri ila mi bado naona hasara ni nyingi kuliko faida. 2023 kuna seneta mmoja wa Alabama, Tommy Tuberville, alikuwa hakubaliani na sera ya wizara ya ulinzi kuhusu wanajeshi wanaosafiri kwenda kutoa mimba, basi akazuia kupandishwa vyeo kwa maafisa wa jeshi zaidi ya 400, kuanzia Februari hadi Desemba. Mtu mmoja! Kwa sababu majina ya jeshi huwa yanapitishwa kwa pamoja kama hakuna anayepinga, akitokea wa kupinga inabidi yapigiwe kura moja moja, na Seneti haina mda huo. Maafisa wale hawana kosa lolote, familia zao zinasubiri uhamisho, watoto hawajui shule watasoma wapi.

Na 2025 Democrat wakaanza kulazimisha kura kwa kila jina la Trump hata vyeo vidogo, Republican wakajibu kwa kubadilisha tena kanuni wapitishe kwa mkupuo, Septemba wakapitisha watu 48 kwa kura moja, Oktoba 107 kwa kura moja. Sasa watu 107 kwa mpigo hapo umemchunguza nani?

Na tusisahau hata sisi tunathibitisha. Waziri Mkuu hawezi kushika madaraka mpaka Bunge limpigie kura, ibara ya 51 iko wazi. Majaliwa 2020 alipata kura 350 kati ya 350. Dk. Mpango alivyopendekezwa kuwa Makamu wa Rais Machi 2021 naye alipata kura zote. Imetusaidia nini? Tukiongeza mawaziri tutakuwa tunalipa posho za vikao vya kugonga meza.

Binti Urambo

Kaka Kanyenye hapo kwenye posho nakuelewa lakini mimi nakukatalia kwenye mengine. Wewe unaangalia kura, mimi naangalia yale masaa ya maswali kabla ya kura.

Nyumbani kwetu ni tumbaku, baba analima, kaka zangu wanalima, na mimi mwenyewe nimekulia kwenye bani, lile jengo la kukaushia tumbaku, nikichochea kuni usiku. Kuna msimu tuliuza, mzigo umepimwa, magredi yamepangwa, karatasi tunazo mkononi, pesa haikuja. Tukaambiwa mnunuzi hajalipa chama chetu cha ushirika (AMCOS), chama kikasema subirini, huku deni la mbolea linatudai kwa dola. Mwenyekiti wetu wa AMCOS alikuwa anashinda na faili lake kwapani anazunguka ofisi moja hadi nyingine, kila anakoenda anaambiwa hilo liko wizarani. Katikati ya hayo waziri akabadilishwa. Yule mpya tulimsikia mara ya kwanza akiwa ameshaapa, anashukuru kwa kuaminiwa. Sikatai kushukuru ni adabu, lakini hakuna mtu aliyemkalisha akamuuliza wewe unayajua madeni ya wakulima wa tumbaku Tabora, utaanza na nini, mnunuzi asiyelipa utamfanyaje, tukupe mda gani.

Hata kama mwisho wangempitisha kwa kura zote, yale majibu yangekuwa yamerekodiwa. Baada ya mwaka tungemfungulia redio akajisikia mwenyewe. Matt Gaetz mwaka 2024 Trump alimtaja kuwa Mwanasheria Mkuu, hakufika hata kwenye kuhojiwa, alijitoa mwenyewe baada ya siku chache alipoona maseneta wa chama chake hawamtaki na mambo yake yatatolewa nje. Hakuna kura iliyopigwa pale. Kule kujua kwamba utaulizwa hadharani tu kulitosha.

Na hayo ya Tuberville dawa yake ni kuweka mda, siku kadhaa zikipita bila kura jina limepita. Mbona rahisi tu.

Mzee wa Isevya

Wanangu mmekwenda mbali mno, Marekani ya nini wakati jirani zetu Kenya wanafanya. Katiba yao ya 2010 inasema waziri haruhusiwi kuwa mbunge, na Rais akipendekeza jina lazima Bunge la Taifa liridhie. Wanaita kupigwa msasa. Spika anaongoza kamati, mteule anataja hadi utajiri wake ni shilingi ngapi, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuandika kiapo akapeleka pingamizi.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila kitu ni kizuri. Mwaka 2022 kamati ilimkataa Peninah Malonza wa Utalii, jina likaenda ukumbini wabunge wakaipindua kamati yao, akapita. Mwaka 2024 baada ya vijana kuingia barabarani Rais Ruto akavunja baraza, akaleta majina mapya na humo akaweka watu wa ODM, chama cha upinzani cha Raila, kina Mbadi, Joho, Wandayi, Oparanya. Sasa upinzani nao wana watu wao ndani, nani atauliza maswali magumu? Aliyeangushwa ni mmoja tu, Stella Lang'at wa Jinsia. Kwahiyo pale vyama vikikorofishana sana mambo yanakwama, na vikielewana sana mambo yanapita bila kuchujwa, na hili la pili mimi ndo naliogopa zaidi.

Na hapa kwetu wazo hili siyo geni. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ya 2013 ililiweka wazi, mawaziri wasiwe wabunge, wasizidi 15, na wathibitishwe na Bunge. Mimi nilihudhuria mikutano ile ya kutoa maoni, watu walisimama kwenye jua wakasema waziri asivae kofia mbili. Rasimu ikaenda Bunge Maalum Dodoma, mwenyekiti wake alikuwa mtu wetu wa hapa hapa, marehemu Samuel Sitta wa Urambo, na ilipotoka mambo mengi ya Warioba yalikuwa yameondolewa. Hiyo inaniuma mpaka leo kwa sababu Sitta huyo huyo ndiye alikuwa Spika Februari 2008 wakati kamati teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond inasoma ripoti na Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Bunge lile lilikuwa na CCM wengi ajabu na bado liliuliza. Kwahiyo msiniambie Watanzania hawawezi kuuliza maswali.

Mwana wa Ipuli

Asanteni sana, shikamoo mzee wa Isevya. Nimeelewa kwa Marekani. Ila sasa nina swali lingine, kama Bunge la 2008 liliweza, kwa nini 2020 kura 350 kwa 350? Ni watu wamebadilika au ni utaratibu?

Stesheni TBR

Mkuu usiiruke 2015. Majaliwa huyo huyo mara ya kwanza kabisa alipata kura 258 kati ya 351, waliosema hapana 91, maana UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, walikuwa wengi mle ndani. Miaka mitano baadaye mtu yule yule, kura zote. Alichofanya kazini hapo katikati siyo kilichogeuza hesabu, kilichogeuza ni nani alikuwa amekaa kwenye viti. Bunge likiwa la chama kimoja karibu lote, kura ya kuthibitisha inahesabu wanachama tu, haimpimi mteule.

Lakini mimi naona tatizo kubwa liko chini zaidi, na ndo linalotenganisha sisi na Marekani. Mbunge wetu akifukuzwa uanachama ubunge wake umekufa siku hiyo, ibara ya 71. Sasa mtu wa hivyo utamwambia asimame amkatae mteule wa Rais ambaye ni mwenyekiti wa chama chake, mwenyekiti wa vikao vinavyopitisha jina lake kugombea? Ana mke, ana watoto, ana mkopo wa gari. Seneta kule hakuna kikao cha chama kinachoweza kumvua kiti. Huyo Murkowski aliyemkataa Hegseth, mwaka 2010 chama chake Alaska kilimwangusha kwenye kura za maoni, akaingia uchaguzi mkuu bila jina lake kuwepo kwenye karatasi, wapiga kura wakaliandika kwa mkono wenyewe, na akashinda. Mtu aliyepita njia hiyo utamtisha na nini?

Kwetu mgombea binafsi, asiyepitia chama, haruhusiwi. Mchungaji Mtikila, Mungu amrehemu, alipigania hilo miaka na miaka, mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha Juni 2013 ikasema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Sheria haijabadilishwa. Kwahiyo mimi nasema anayetaka Bunge lithibitishe mawaziri aanze na mgombea binafsi, na hicho kipengele cha kupoteza ubunge ukifukuzwa chama kifutwe. La sivyo Kanyenye atakuwa sahihi, tutagonga meza mara thelathini badala ya mara moja.

Na hata Marekani wenyewe sasa woga umeingia. Hawafukuzwi, lakini wanaogopa kuangushwa kwenye kura za maoni Rais akimuunga mkono mpinzani wao ndani ya chama. Hegseth alikataliwa na watatu tu, na McConnell mmoja wa hao alitangaza mwezi uliofuata kwamba hagombei tena. Mara ya mwisho Seneti kumkataa waziri kwa kura ilikuwa 1989, John Tower wa Ulinzi, 53 kwa 47. Wengine wote wabovu wamekuwa wakijitoa kimya kimya.

Kanyenye Halisi

Hapo kwenye ibara ya 71 tumekutana kaka. Ila unaona mwenyewe, unataka tubadilishe katiba sehemu tatu kabla ya kumuuliza waziri swali moja. Binti Urambo atasubiri sana na tumbaku yake.

Binti Urambo

Sisubiri kaka. Bunge linatunga kanuni zake lenyewe, ibara ya 89, hakuna katiba ya kuguswa hapo. Waandike tu kwamba waziri akiteuliwa, ndani ya mwezi mmoja aje mbele ya kamati ya kisekta, milango wazi, redio zirushe moja kwa moja, na vyama vya wakulima, wavuvi, walimu, wanaruhusiwa kupeleka maswali kwa maandishi kabla. Kura isiwepo kwanza kama inawatisha. Wa Kilimo aulizwe tumbaku na pamba, wa Mifugo na Uvuvi aulizwe na watu wa Kigoma kuhusu kufunga ziwa, wa Uchukuzi aulizwe reli ya kutoka hapa kwenda Kigoma na Mpanda. Hilo mbunge mmoja anaweza kulianzisha kwa hoja binafsi.

Mzee wa Isevya

Hilo la hoja binafsi nimelipenda binti yangu. Liandike vizuri ukurasa mmoja usizidi, weka na mfano wa Kenya wa pingamizi za wananchi, mimi nitasaini na nitakutafutia wazee wenzangu wa AMCOS za Uyui na Sikonge nao wasaini. Mbunge akirudi jimboni kabla ya bajeti tumkabidhi mkononi, kwenye mkutano wa hadhara, watu wakiona.

Mwana wa Ipuli

Na mimi nimo, kijiwe chote kimo, hata yule aliyekuwa anabisha. Dada Urambo ukimaliza kuandika weka hapa hapa tuisome kwanza, maana nataka kuongeza swali la waziri wa maji.